Kusakinisha draiva na moduli za mfumo kwenye kompyuta yenye RAM ndogo: mwongozo kamili kwa watumiaji wa Debian

Mwenye kompyuta ya GB 1 au GB 2 za RAM anapotaka kuongeza draiva ya Wi-Fi, moduli ya kerneli (kipande kinachoongezwa kwenye sehemu kuu ya mfumo inayoendesha vifaa) au nyongeza nyingine yoyote ya mfumo, hofu yake ya kwanza huwa kwamba nyongeza hiyo itamaliza kumbukumbu chache alizonazo. Mara nyingi hofu hiyo si ya mahali pake. Moduli ya kerneli ikishapakiwa huchukua megabaiti chache tu, na nyingine hazifiki hata moja. Kinachoangusha mashine ni kazi ya kuisakinisha, yaani kukompaili msimbo (kuugeuza uwe programu inayoendeshwa na mashine), kuunda upya faili la kuanzishia mfumo na kufungua vifurushi huku kivinjari na eneokazi vikiwa wazi, pamoja na huduma za nyuma zinazoingia kwa mkia wa kifurushi ulichokitaka. Kwa hiyo mwongozo huu hautumii muda mwingi kuhesabu ukubwa wa moduli. Unashughulikia namna ya kupitisha usakinishaji salama, kisha namna ya kuhakikisha kwamba hakuna kisichohitajika kilichobaki kinakula RAM.

Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kompyuta mpakato ndogo yenye prosesa ya Intel Atom N450, RAM ya GB 1, kadi ya Wi-Fi ya Broadcom BCM4313 na mfumo wa Debian 12. Mashine za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 2010 na bado zinapatikana kwa wauzaji wa kompyuta zilizokwishatumika. Prosesa ya N450 inakubali mfumo wa biti 64, lakini haikubali zaidi ya GB 2 za RAM, kwa hiyo hata ukinunua RAM mpya kuna ukomo usioweza kuuvuka. Mwenye N270 ya mwaka 2008 ana prosesa ya biti 32 pekee, na anapaswa kubaki kwenye Debian 12, kwa sababu Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli ya biti 32. Asiwe na wasiwasi wa haraka, maana marekebisho ya usalama ya muda mrefu ya Debian 12 yamepangwa kuendelea hadi Juni 2028.

Maelezo rasmi ya Debian yanataka angalau GB 1 ya RAM kwa mfumo wenye eneokazi, na yanapendekeza GB 2. Mashine yetu ya mfano iko kwenye mpaka huo wa chini, na ndiyo maana kila hatua inayofuata ina sababu yake.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Fungua terminali na uandike:

free -h

Safu inayopaswa kutazamwa ni ile ya mwisho iliyoandikwa "available", wala si "free". Linux hutumia RAM isiyokuwa na kazi kuhifadhi nakala za mafaili yaliyosomwa hivi karibuni, na huiachia mara moja programu inapoihitaji, kwa hiyo "free" inaweza kuonyesha MB 60 huku mashine ikiwa na nafasi ya kutosha. Katika mashine ya GB 1 yenye eneokazi jepesi kama LXQt au Xfce, ukiona "available" iko chini ya MB 300 kabla hata hujafungua kivinjari, usianze kusakinisha kitu kinachohitaji kukompailiwa mpaka umalize hatua ya pili na ya tatu.

Kisha tafuta walaji wakubwa:

ps -eo rss,comm --sort=-rss | head -16

Namba za kushoto ni kilobaiti. Kumi na tano zinatosha, kwa sababu michakato inayofuata huwa midogo kiasi kwamba kuihangaikia ni kupoteza wakati. Andika kando matokeo ya amri hizi mbili, maana utayahitaji baada ya usakinishaji ili kujua nyongeza mpya imegharimu nini hasa. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hubaki wakilaumu draiva kwa uzito ambao ulikuwepo tangu awali.

Hatua ya pili: zima huduma zisizo na kazi kwako

Orodha ya huduma zinazoendelea inapatikana hivi:

systemctl list-units --type=service --state=running

Hapa inafaa kwenda taratibu. Kama hutumii printa, huduma ya cups haina sababu ya kuamka kila unapowasha kompyuta. Kama hutumii Bluetooth, vivyo hivyo. Mfano wa kuzima huduma moja na kuizuia isirudi ni huu:

sudo systemctl disable --now cups.service cups-browsed.service

PackageKit ni ya kutazamwa kwa makini zaidi. Ni huduma inayosaidia programu za dirishani kutafuta masasisho, na huweza kuanza kazi wakati wowote, hata dakika ileile unayoendesha apt, amri ya Debian ya kusakinisha vifurushi, ikala RAM na kushikilia kufuli la vifurushi. Haitoshi kuizima kwa "disable", kwa sababu huamshwa na programu nyingine. Ifungie kabisa:

sudo systemctl mask --now packagekit.service

Lakini kuna huduma moja ambayo miongozo mingi ya kigeni huagiza iondolewe, nami nashauri kinyume: ModemManager. Anayepata intaneti kwa modemu ya USB yenye laini ya simu anaitegemea huduma hiyo, na akiiondoa atajikuta hana mtandao wa kupakulia chochote cha kurekebisha alichokiharibu. Ondoa tu kama una hakika kwamba hutawahi kuchomeka modemu ya namna hiyo.

Hatua ya tatu: panua kumbukumbu kabla ya kuongeza mzigo

Nyongeza ya kwanza ya mfumo tunayoisakinisha ni ile inayorudisha kumbukumbu badala ya kuila. Moduli ya zram, ambayo imo ndani ya kerneli rasmi tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, hutenga sehemu ya RAM na kuifanya swapu (nafasi ya akiba ya kumbukumbu) iliyobanwa: kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda hubanwa na kuhifadhiwa humo, na kwa kawaida huchukua nusu ya nafasi yake ya awali au pungufu. Prosesa hufanya kazi kidogo zaidi, lakini kazi hiyo ni ya haraka mno ikilinganishwa na kuandika kwenye diski ya zamani inayozunguka.

sudo apt-get install --no-install-recommends zram-tools

Kisha fungua faili la mipangilio:

sudo nano /etc/default/zramswap

Ondoa alama ya # mwanzoni mwa mistari hii na uipange ifuatavyo:

ALGO=lz4
PERCENT=50
PRIORITY=100

Mbinu ya lz4 inabana kidogo kuliko zstd, ila ni nyepesi kwa prosesa, na kwa Atom wepesi huo una thamani kuliko megabaiti chache ambazo zstd ingeongeza. Mwenye prosesa yenye nguvu zaidi lakini RAM ileile ndogo anaweza kuchagua zstd bila tatizo. Asilimia 50 inamaanisha kwamba kifaa cha zram kitapokea data ya hadi MB 500 hivi kabla ya kubanwa. Haimaanishi kwamba MB 500 za RAM zimechukuliwa tangu mwanzo, kwa kuwa zram hutumia nafasi kadiri inavyojazwa. Anzisha na ukague:

sudo systemctl restart zramswap.service
swapon --show

Unapaswa kuona /dev/zram0 ikiwa na kipaumbele cha 100. Sasa ongeza swapu ya diski iwe akiba ya mwisho, kwa sababu zram ikijaa wakati wa kukompaili, kerneli itaanza kuua michakato. Kwa diski yenye mfumo wa faili wa ext4, amri ni hizi:

sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Angalia kwa makini sehemu iliyoandikwa bs=1M. Kuna maelezo yanayozunguka mtandaoni yenye bs=1G count=2, na kwenye kompyuta kubwa matokeo ni yaleyale. Kwenye mashine yetu si yaleyale hata kidogo: dd hutenga RAM sawa na ukubwa wa bs, kwa hiyo itataka GB 1 nzima ya kumbukumbu kwa ajili ya kutengeneza faili la kukuokoa na uhaba wa kumbukumbu, na huenda ikakataa kwa ujumbe wa "memory exhausted". Ukitumia bs=1M, dd inahitaji megabaiti moja tu, na hurudia mara 2048.

Ili swapu hiyo ibaki baada ya kuwasha upya, ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab:

/swapfile none swap sw 0 0

Kwa kuwa swapu ya diski haikupewa kipaumbele, kerneli itajaza zram kwanza na kugusa diski baadaye, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Mwisho, ruhusu kerneli itumie zram mapema zaidi kwa kuunda faili /etc/sysctl.d/90-kumbukumbu.conf lenye mstari mmoja:

vm.swappiness=100

Halafu endesha sudo sysctl --system. Thamani ya kawaida ni 60, iliyopangwa kwa kuzingatia diski, na kwa zram inayoishi ndani ya RAM yenyewe hakuna haja ya kusitasita kiasi hicho.

Anayetumia Debian 13 ana jambo moja la ziada. Katika toleo hilo saraka ya /tmp huwekwa ndani ya RAM, nayo inaruhusiwa kukua hadi nusu ya kumbukumbu yote. Kwa GB 1 huo si ukarimu wa kuukubali. Irudishe kwenye diski kwa sudo systemctl mask tmp.mount, kisha uwashe upya kompyuta.

Hatua ya nne: jua unachokihitaji hasa

Kabla ya kupakua chochote, tambua kifaa na draiva yake:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Kwenye mashine yetu jibu linafanana na hili:

Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM4313 802.11bgn Wireless Network Adapter [14e4:4727]

Kinachotufaa zaidi ni namba iliyo kwenye mabano ya mwisho, 14e4:4727, kwa sababu Broadcom wametengeneza kadi nyingi zenye majina yanayokaribiana lakini zinazotaka draiva tofauti. Kwa vifaa vya USB tumia lsusb, nayo hutoa namba ya muundo huohuo.

Namba hii inafungua njia mbili, na uchaguzi kati yake ndio uamuzi wenye uzito kuliko mwingine wowote katika mwongozo huu. Njia ya kwanza ni draiva ya brcmsmac, ambayo tayari imo ndani ya kerneli ya Debian na inakosa tu programu dhibiti, yaani faili dogo ambalo hupelekwa kwenye kadi yenyewe inapowashwa. Njia ya pili ni draiva ya wl ya Broadcom wenyewe, inayokuja kama kifurushi cha broadcom-sta-dkms na kukompailiwa kwenye mashine yako. Mabaraza mengi humkimbiza mgeni moja kwa moja kwenye njia ya pili kwa sababu inahudumia kadi nyingi kwa mkupuo. Kwa mwenye RAM ndogo, mpangilio unapaswa kuwa kinyume: kinachoweza kufanyika bila kukompaili kifanyike bila kukompaili. Hata baada ya usakinishaji tofauti inaonekana, maana moduli ya wl pekee huchukua takriban MB 6, ilhali brcmsmac haifiki MB 1.

Hatua ya tano: njia isiyo na kukompaili

Swali linalokuja hapa ni namna ya kupakua draiva ya Wi-Fi bila Wi-Fi. Kama hakuna waya wa mtandao, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB katika mipangilio ya simu. Kerneli ya Debian inaitambua bila kusakinishiwa chochote, na NetworkManager huunganisha yenyewe baada ya sekunde chache. Faili tunalolihitaji ni dogo na halitamaliza bando. Kinachokula bando ni apt-get update, kwa hiyo usiirudierudie bila sababu.

Hakikisha faili la /etc/apt/sources.list lina neno non-free-firmware mwishoni mwa mistari yake:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free-firmware

Kisakinishi cha Debian 12 kwa kawaida huliweka chenyewe kikigundua kifaa kinacholihitaji, lakini mfumo uliopandishwa kutoka Debian 11 unaweza kuwa haunalo. Kisha:

sudo apt-get update
sudo apt-get install --no-install-recommends firmware-brcm80211
sudo modprobe -r brcmsmac
sudo modprobe brcmsmac

Kigezo cha --no-install-recommends kinaizuia apt kuleta vifurushi ambavyo si vya lazima, na kwenye mashine ndogo nashauri kiwe desturi. Kina gharama yake, nayo tutaikuta katika hatua ya sita.

Kagua kama programu dhibiti imepatikana:

sudo dmesg | grep -i brcm

Kabla ya usakinishaji ungeona malalamiko kwamba faili la brcm/bcm43xx-0.fw halikupatikana. Baada yake malalamiko hayo hutoweka na mitandao huanza kuonekana. Usishtuke ukiona lspci -nnk ikitaja "bcma-pci-bridge" badala ya brcmsmac kama draiva inayotumika. Moduli ya bcma ndiyo inayoshika kadi kwenye basi la PCI, na brcmsmac hukaa juu yake, kwa hiyo huo ndio mpangilio sahihi. Ikiwa mtandao unafanya kazi na kasi yake inakuridhisha, ruka hatua ya sita yote.

Hatua ya sita: kukompaili pale ambapo hakuna budi

Kuna kadi ambazo hazina njia nyepesi, na kuna mashine ambamo brcmsmac hupata mtandao kisha kuupoteza kila baada ya muda mfupi. Hapo tunakompaili kwa DKMS, mfumo unaotunza msimbo wa moduli na kuikompaili upya kila kerneli mpya inapoingia.

Kwanza, ongeza non-free kwenye mstari wa sources.list, kwa kuwa broadcom-sta-dkms imo humo. Pili, pakua kila kitu bila kusakinisha, ukiwa bado kwenye eneokazi:

sudo apt-get update
sudo apt-get install --download-only --no-install-recommends linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Vifurushi vitakaa ndani ya /var/cache/apt/archives vikisubiri. Hapa ndipo gharama niliyoitaja inapojitokeza: dkms hupendekeza tu vichwa vya kerneli (mafaili yanayohitajika ili kukompaili moduli ya kerneli hiyo), haivilazimishi, kwa hiyo ukitumia --no-install-recommends bila kuvitaja mwenyewe, moduli haitakompailiwa. Mwenye mfumo wa biti 32 ataandika linux-headers-686-pae au linux-headers-686 kulingana na kerneli yake, na uname -r itamwambia ipi. Kama kerneli ilisasishwa leo na hujawasha upya kompyuta, iwashe upya kwanza, la sivyo vichwa unavyopakua huenda visilingane na kerneli inayoendesha mashine wakati huo.

Tatu, hifadhi kazi zako zote na ushuke kwenye hali ya maandishi:

sudo systemctl isolate multi-user.target

Eneokazi lote litafungwa na utakaribishwa na skrini nyeusi inayoomba jina na nywila. Hatua hii peke yake hurudisha mamia ya megabaiti, na kwa maoni yangu inazidi marekebisho mengine yote kwa faida. Ni ajabu jinsi inavyotajwa mara chache. Ingia, kisha bonyeza Alt+F2, uingie tena kwenye skrini hiyo ya pili na uendeshe watch -n 2 free -m ili kutazama kumbukumbu inavyokwenda. Rudi kwenye skrini ya kwanza kwa Alt+F1.

Nne, sakinisha kwa kutumia kiini kimoja tu cha prosesa:

sudo taskset -c 0 apt-get install --no-install-recommends linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Sababu ya taskset ni hii. DKMS huuliza amri ya nproc idadi ya viini vilivyopo, kisha huanzisha kazi za kukompaili kwa idadi hiyo, na kila kazi ni nakala moja ya gcc, programu inayokompaili, yenye RAM yake. N450 inaonekana kwa mfumo kama viini viwili, hivyo matumizi ya kumbukumbu yangekaribia kuwa maradufu. Amri ya taskset inaufungia mchakato wote kwenye kiini namba 0, nproc inajibu 1, na kazi zinakwenda kwa foleni. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini itafika. Kwa broadcom-sta tofauti si kubwa sana kwa kuwa mafaili yake ni machache. Kwa vifurushi vyenye mamia ya mafaili, kama zfs-dkms, ndiyo inayoamua kama kazi itakamilika au la. Zaidi ya hayo, mtu mwenye GB 1 ya RAM anayetaka mfumo wa faili wa ZFS angefanya vyema kujiuliza tena kama anaihitaji.

Ikiisha, thibitisha:

sudo dkms status
sudo modprobe -r brcmsmac bcma
sudo modprobe wl

Ukiona neno "installed" kando ya broadcom-sta na toleo la kerneli yako, moduli imekaa mahali pake. Rudi kwenye eneokazi kwa sudo systemctl isolate graphical.target.

Kwenye mashine mpya zaidi zenye UEFI, mokutil --sb-state ikijibu kwamba Secure Boot (ukaguzi wa saini mashine inapowashwa) imewashwa, kerneli itaikataa moduli isiyotiwa saini. Kompyuta ya umri wa mfano wetu haina kizuizi hicho.

Usakinishaji ukivunjika katikati

Dalili ya kawaida ya kuishiwa na kumbukumbu ni ujumbe wa "Bad return status for module build", unaokuelekeza kwenye faili la make.log ndani ya /var/lib/dkms. Fungua faili hilo na utazame mistari ya mwisho. Ukiona "Killed signal terminated program cc1", kerneli imemuua gcc ili kujiokoa, na sudo dmesg | grep -i "killed process" itakuthibitishia. Makosa ya msimbo huonekana tofauti: hutaja jina la faili, namba ya mstari na neno "error". Makosa hayo hayatibiki kwa kuongeza swapu, kwa hiyo tofautisha mawili haya kabla ya kutumia saa nzima kujaribu tena.

Umeme ukikatika katikati ya kazi na betri ya zamani isihimili, au mashine ikiganda mpaka ukalazimika kuizima, hakuna haja ya kusakinisha mfumo upya. Ikiwaka, ingia kwenye hali ya maandishi na umalizie pale ilipoishia:

sudo taskset -c 0 dpkg --configure -a
sudo apt-get -f install

Ikiwa kukompaili kunashindikana kila mara, tafuta kompyuta nyingine yenye Debian 12 na kerneli ya toleo lilelile kabisa, herufi kwa herufi kama uname -r inavyosema. Kompaili humo, kisha nakili faili la wl.ko kutoka /lib/modules/ ya kerneli hiyo, ndani ya updates/dkms, hadi saraka ileile kwenye mashine yako, na uendeshe sudo depmod -a. Ni suluhisho la dharura, kwa maana kerneli ikisasishwa utalazimika kurudia.

Ukiamua kuiondoa wl na kurudi brcmsmac, tumia purge, usitumie remove:

sudo apt-get purge broadcom-sta-dkms

Kifurushi hicho huweka faili la /etc/modprobe.d/broadcom-sta-dkms.conf linalozipiga marufuku brcmsmac, bcma na b43 zisipakiwe. Remove huliacha faili hilo kwa kuwa ni la mipangilio, na matokeo yake ni kompyuta isiyo na wl wala brcmsmac, na mwenyewe akiamini kwamba kadi imekufa.

Faili la kuanzishia mfumo

Kila nyongeza inayogusa kerneli huweza kusababisha faili hilo, initramfs, liundwe upya, na shughuli hiyo nayo hula RAM wakati wa kubana. Kwa chaguo la kawaida Debian hujaza humo moduli za vifaa vingi ambavyo huna. Katika /etc/initramfs-tools/initramfs.conf badilisha MODULES=most iwe MODULES=dep, na COMPRESS=zstd iwe COMPRESS=gzip, kisha:

sudo cp /boot/initrd.img-$(uname -r) /boot/initrd.img-akiba
sudo update-initramfs -u

Faili jipya litakuwa dogo zaidi na litafunguka kwa urahisi kwenye RAM mashine inapoanza. Tahadhari yake ni moja: dep hukusanya moduli za mashine hii tu, kwa hiyo diski hiyo ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine huenda isiwake. Mwenye mazoea ya kuhamisha diski abaki na most.

Kupima tena na kujiandaa kwa kerneli ijayo

Endesha tena free -h na ile amri ya ps, ulinganishe na ulichoandika mwanzoni. Ukikuta kupungua kwa makumi ya megabaiti, usiilaumu moduli. Angalia kama kuna huduma mpya iliyoanza nayo, kwa kutumia orodha ya hatua ya pili. Kisha ufungue kivinjari chako cha kila siku na uendeshe vmstat 2 kando. Safu za "si" na "so" zikiruka mara mojamoja si neno. Zikibaki na namba kubwa sekunde baada ya sekunde, mashine inashinda ikihamisha kurasa badala ya kufanya kazi, na dawa yake ni kupunguza vichupo vilivyo wazi, kwa kuwa swapu zaidi haitaiharakisha.

Usasishaji wa kerneli utarudisha kazi yote ya hatua ya sita bila kukuuliza, kwa sababu DKMS itakompaili moduli upya katikati ya apt-get dist-upgrade. Kwa hiyo mwenye wl aendeshe masasisho ya kerneli kwenye hali ya maandishi na kwa taskset, kama alivyofanya mara ya kwanza. Kifurushi cha linux-headers-amd64 kitaleta vichwa vipya pamoja na kerneli, jambo ambalo asiyesakinisha isipokuwa vichwa vya toleo moja hulikosa, na Wi-Fi yake hupotea asubuhi baada ya sasisho. Baada ya kuwasha upya na kuona kwamba kerneli mpya inafanya kazi, ondoa za zamani na vifurushi vilivyopakuliwa:

sudo apt-get autoremove --purge
sudo apt-get clean
sudo dkms status

Mstari wa dkms unapaswa kutaja kerneli unayoitumia sasa, na ikiwezekana ile moja iliyotangulia, iliyoachwa kwa ajili ya kurudi nyuma sasisho likileta shida.